Pini ya propela: shajara ya droni yetu ya Kibirizi

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Ziwa limefunguliwa juzi. Tangu tarehe 15 Mei wavuvi wa upande wetu wa Tanganyika walikuwa wamepumzisha nyavu ili samaki wazaliane, na duka letu hapa Mwanga, mjini Kigoma, likapumzika pamoja nao, maana mteja wa mwaloni hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana dagaa. Leo simu imeanza kulia tena: oda 7 kabla ya saa 4 asubuhi.

Naanza kuandika shajara hii kwa ajili ya wenzetu wanaouza kwa mtandao huko Tabora, Mpanda na kwingineko ambako barabara inaishia kabla ya kumfikia mteja. Sisi tunauza kwa WhatsApp na Instagram. Mteja anachagua kwenye picha, anatuma pesa kwa simu, tunamtolea stoo au tunaagiza Kariakoo. Mzigo unatoka Dar es Salaam kwa basi au treni, zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Mwisho wa Reli, na mara nyingi unafika salama. Kinachotutesa si hizo 1,200. Ni zile 9 za mwisho.

Vijiji vya ufukweni kuelekea kaskazini vimebanwa kati ya maji na milima. Njia yao ni boti. Boti za abiria zinatoka mwalo wa Kibirizi kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na Jumapili hazitoki. Ukiikosa ya Jumamosi, mzigo wako unalala mpaka Jumatatu mchana. Hapo ndipo wazo la droni lilipozaliwa, mwaka jana, mimi na mdogo wangu ambaye ndiye fundi wa mradi huu, tukiwa tumekaa juu ya gunia la viatu tunaitazama boti ikiishia.

Tuko 3: mimi, fundi, na rubani ambaye amesomea na ana cheti. Kijiji cha majaribio kiko kati ya Kibirizi na mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Gombe. Serikali ya kijiji imeomba kisitajwe mpaka majaribio yaishe, kwa hiyo nitakiita Kijiji tu. Kwa mstari ulionyooka juu ya maji ni kilomita 9.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeshinda na daftari la oda za mwaka mzima, za vijiji vya ziwa peke yake. Ziko 186. Nilitaka kujua ngapi zingeingia kwenye kisanduku cha droni, ambacho kikiwa na mzigo ndani hakitakiwi kuzidi kilo 1. Masufuria, hapana. Magodoro ndiyo usiseme. Paneli za sola, hapana. Kitenge pea moja ndiyo, pea 3 hapana. Simu, saa, miwani, vipodozi, nguo za watoto, ndiyo. Zikabaki 58.

Kisha nikawapigia simu wateja 30 kati ya hao 58 nikawauliza swali moja: mzigo wako ungekufikia siku ileile kwa kuongeza shilingi 5,000, ungeongeza? Waliokubali ni 4. Dada mmoja ambaye amenunua kwetu tangu tulipoanza aliniambia, "Sasa dada, viatu vya harusi ya mwezi ujao vipae angani vya nini? Niwekee kwenye boti, nahodha namjua."

Watu 4 kati ya 30. Nimeandika namba hii kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari ili nisiisahau tukianza kushangilia pangaboi zikizunguka. Wateja wangu hawaniulizi dakika ngapi. Wananiuliza kama kitafika, na kama kikifika siyo, nani atakirudisha.

Najua wakubwa nao walilifikia swali hili kwa njia zao. Jeff Bezos alipoitangaza droni ya Amazon Desemba 2013, ahadi ilikuwa dakika 30 kutoka ghalani hadi mlangoni. Jumia, duka la mtandaoni ambao walifunga huduma zao Tanzania Novemba 2019, mwaka 2022 waliungana na kampuni ya droni ya Zipline kule Ghana ili oda za mtandaoni ziwafikie watu wa vijijini kwa ndege zisizo na rubani. Sisi hatuna ghala la Amazon. Tuna chumba cha futi 12 kwa 14 nyuma ya soko. Lakini daftari ni letu, na limeshaanza kusema.

Jumamosi, 24 Agosti

Betri zimefika, kwa lori. Tulichelewa wiki 5 kwa sababu ya kutojua jambo moja. Kila betri ina seli 6, volti 22.2, mAh 10,000 (yaani ampea-saa 10), na ukizidisha unapata wati-saa (Wh) 222. Abiria wa ndege haruhusiwi kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi Wh 160, iwe mkononi au kwenye begi la chini. Tulikuwa tumemwomba ndugu atubebee kutoka Dar es Salaam. Bora aliuliza kabla ya kufika kwenye ukaguzi.

Tunazihifadhi kwenye sanduku la chuma, kila seli ikiwa na volti 3.8. Ukiiacha imejaa kwa wiki nzima inavimba, ukiiacha tupu inakufa. Fundi amebandika karatasi ukutani: atakayechaji analala hapahapa mpaka imalize.

Droni yenyewe: mabawa ya povu gumu yenye upana wa mita 2 na ushee, mota 4 za kuinulia na moja ya kusukumia mbele. Inapanda wima kama helikopta, ikifika juu inageuka kuwa ndege. Ubongo wake unaendeshwa na ArduPilot, programu huria, na hilo limetuokolea fedha nyingi.

Jumatano, 4 Septemba

Leo imeruka na mzigo. Vibali tulivyonavyo, vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na baraka za upande wa Ulinzi, vinaturuhusu mchana, na droni isitoke machoni pa rubani. Kwa hiyo hatukwenda Kijijini. Tumezunguka ufukweni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka zikatimia kilomita 18, ambazo ni kwenda na kurudi. Kisandukuni tuliweka chumvi ya gramu 900.

Nimeangalia namba za leo mara 3 nikidhani nimekosea. Dakika 15 za kuruka mbele zilikula Wh 62. Dakika 3 za kuelea, yaani kupanda, kusimama hewani kushusha mzigo kwa kamba, na kutua, zilikula Wh 65. Dakika 3 zimekula kuliko safari nzima!

Fundi alinieleza kwa mkono wake dirishani mwa bajaji wakati tunarudi. Bawa likienda mbele, hewa yenyewe inalibeba, mota inasukuma tu. Likisimama, uzito wote, kilo 6.8, unaning'inia kwenye pangaboi 4. Mota za kuinua zinavuta kama wati 1,300, ya kusukuma inavuta 250. Sasa naelewa kwa nini ndege ambayo Zipline walianza nayo Rwanda mwaka 2016 haisimami kwa mteja: inapita, inaachia kisanduku chenye mwavuli, inageuza. Mwanzoni niliona kama kutupa mzigo. Kumbe wanaokoa zile dakika 3.

Jumatano, 11 Septemba

Upepo. Hatukuruka.

Kipimo chetu juu ya paa la stoo ya Kibirizi kimeonyesha mita 8 kwa sekunde kutoka kusini, na kuna wakati inaruka hadi 14. Droni yetu inakwenda mita 20 kwa sekunde. Kijiji kiko kaskazini, kwa hiyo kusi inakusukuma wakati wa kwenda na kukudai wakati wa kurudi. Kwa upepo wa 8, kwenda ni dakika 5 na kurudi ni dakika 12 na nusu. Kama ule wa 14 ungeshika moja kwa moja, kurudi kungechukua dakika 25, na tungehitaji kama Wh 200 kwenye betri ambayo hatutaki kuitumia zaidi ya 177. Yaani ingefika Kijijini vizuri, watu wangepiga makofi, halafu ingezama ikirudi. Na hili si ziwa la kuzamisha kitu ukategemea kukiona tena. Kina chake kinafika mita 1,470.

Tumekubaliana: upepo ukizidi 10, hakuna kuruka. Rubani ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama mteja analia kwenye simu.

Nimesikia watu wanasema droni haziwezi ziwa. Zinaweza. Mwaka 2018 DHL, shirika la Kijerumani la GIZ na watengeneza droni wa Wingcopter walifanya majaribio ya miezi 6 Ziwa Victoria, wakawa wanapeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Chombo chao kilibeba kilo 4. Kwa hiyo swali letu halikuwa kama inawezekana. Ni kwa chombo cha ukubwa gani, siku gani, na kumpelekea nani nini.

Alhamisi, 19 Septemba

Mkutano wa Kijiji, chini ya mwembe mbele ya ofisi ya mtendaji. Mbalamwezi imejaa, boti zote ziko juu mchangani, ndiyo maana wanaume walikuwepo. Ukitaka kukutana na mvuvi wa dagaa, fuata mwezi: gizani yuko ziwani na taa zake, mwezi ukijaa yuko nyumbani anashona wavu.

Nilidhani wataniuliza bei. Swali la kwanza lilikuwa kamera. Mama mmoja alisimama akasema wanawake wanaogea ufukweni asubuhi, je, hicho kidude kinaona? Nikamwambia kinaona. Fundi akaichomoa kamera palepale mbele ya watu, akanipa nikaiweka mfukoni, na haitarudi. Kuruka kwetu kunategemea setilaiti na kipima shinikizo la hewa. Kamera ilikuwa ya kupigia picha za kutangazia duka, na duka linaweza kusubiri.

Swali la pili lilikuwa la usalama, na lilikuwa la haki pia. Ng'ambo ni Kongo, juu kidogo ni Burundi, na watu wa hapa wamewahi kupokea wakimbizi kwa maelfu. Kitu kinachopita juu bila maelezo hakichukuliwi kama mchezo. Tulipitisha nakala za vibali kutoka mkono hadi mkono, na mwenyekiti akazisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, ikachukua nusu saa.

Kisha mzee mmoja mwenye mtumbwi, ambaye nitamtaja tena humu, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Mimi niko ziwani usiku, mchana nimelala. Hicho kikija na mzigo wangu, kinampa nani?"

Nyumba zao zina namba tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Namba ya mzee iko juu ya mlango wake, nimeiona. Lakini droni haibishi hodi. Inashusha mahali palipo wazi, na mahali palipo wazi ni pa kila mtu. Tukakubaliana mzigo upokelewe na mama mwenye duka jirani na ofisi ya mtendaji, anayewekea watu pesa kwenye simu na ambaye kijiji kizima kinamwamini na fedha zake tayari. Mteja akipewa namba ya siri na sisi, anamtajia mama, anachukua. Kikiwa siyo, anamrudishia yeye, na kinarudi kwa boti. Hili nimelifurahia kuliko safari zote za droni, kwa sababu linafanya kazi hata droni isiporuka.

Kuhusu Gombe: vijana wa Mwamgongo, kijiji cha upande wa pili wa hifadhi, walikuja mkutanoni kuomba nao wahudumiwe. Niliwajibu ukweli. Hifadhi imekaa katikati, sokwe wale wamechunguzwa tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na sisi hatutapitisha mashine juu yao. Kuzunguka mbali kwa majini ni nje ya uwezo wa betri yetu. Walielewa, ingawa hawakufurahi.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo tumekosea, na nataka niandike sawasawa.

Tulipakia droni kwenye boti ya kukodi tukaenda nayo Kijijini, ili tujaribu mita 400 za mwisho tu: kunyanyuka upande mmoja wa mwalo na kutua upande mwingine, rubani akiiona. Tulichagua ufukwe kwa sababu ndipo palipo wazi. Hatukujiuliza kwa nini paliachwa wazi. Palikuwa pa kuanikia dagaa.

Wanaoanika kwenye vichanja walikuwa pembeni. Mama mmoja alikuwa ameanika chini, juu ya turubai, dagaa wa usiku uliopita, walioanza kukauka na kung'aa kama bati jipya. Droni iliposhuka chini ya mita 5, upepo wa pangaboi ukapiga mchanga. Uliinuka kama ukuta mzima, ukamwagika juu ya turubai. Sekunde 6, labda 7. Rubani akaipandisha juu haraka, lakini ilishakuwa.

Dagaa mwenye mchanga ana bei yake sokoni, na kila mtu Kigoma anaijua. Mnunuzi anachukua wachache, anawasugua kiganjani, anatazama kinachobaki. Yule mama hakupiga kelele. Alichukua kiganja kimoja, akawasugua mbele yangu, akanionyesha. Chembe za mchanga zilikuwa zimeshika kwenye mistari ya mkono wake.

Tuliwanunua wote, kwa bei ya dagaa wa kichanja. Nikamwomba radhi mbele ya mwenyekiti kama inavyotakiwa. Kuanzia leo hakuna kutua mwaloni. Mzigo utashushwa kwa kamba ya mita 20 nyuma ya ofisi ya mtendaji, penye nyasi. Ndiyo, kamba inakula umeme. Iule.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jumamosi saa 10 jioni yule mzee wa mkutanoni alinipigia. Giza la mwezi lilikuwa zuri, mwezi umeandama juzijuzi tu, na dagaa walikuwa wanapanda. Injini yake ni ndogo, ya kizamani, ya aina ambayo propela imeshikwa na pini. Alikuwa amegonga jiwe akiingia, pini ikakatika. Ndivyo ilivyoundwa: pini laini ivunjike ili gia za ndani zisivunjike. Ni kipande cha chuma kifupi kuliko kidole changu kidogo. Kwetu stoo zilikuwepo 11 kwenye kopo la maziwa.

Boti zilikuwa zimeshaondoka. Jumapili haziondoki. Pini ilipanda boti leo mchana, nikiipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwa nahodha. Mzee amekosa usiku wa Jumamosi na usiku wa Jumapili, yeye na vijana wake 4, na taa zao, na mafuta waliyokwisha nunua kwa mkopo.

Nilimuuliza, mzee, ungeongeza 5,000 pini ikufikie Jumamosi ileile? Akacheka kidogo, kwa uchovu. "Binti yangu, ningekupa 20,000 na dagaa wa kula."

Nimeipima pini kwenye mizani ya stoo. Gramu 9.

Nimelifungua tena daftari. Wale 4 waliosema ndiyo mwezi Agosti, nimewatazama waliagiza nini. Mkanda wa cherehani wa fundi nguo. Plagi ya injini. Kioo cha simu, na mwenye simu ni wakala wa pesa. Miwani ya mwalimu, mwezi wa mitihani. Wote 4 walikuwa na kazi iliyosimama wakisubiri kitu kidogo. Majibu yalikuwepo tangu mwanzo. Mimi nilihesabu uzito, sikuhesabu kilichosimama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Fundi amenipinga, na amenipinga vizuri. Kama tatizo ni pini, amesema, pini za kutosha wavuvi wote zinaenea kwenye kiganja. Ziwekwe Kijijini kwa mama mwenye duka, droni ya nini?

Ni kweli. Kwa hiyo leo tumempelekea mama rafu: pini za saizi 3, plagi, mafuta ya gia, mikanda ya cherehani ya aina inayotumika sana, fyuzi, balbu za taa za kuvulia. Kila anachouza ananitumia ujumbe, najaza kwa boti. Mzee hatakosa usiku mwingine kwa sababu ya pini, na hilo halihitaji droni.

Lakini tulipokaa kuandika orodha ya vinavyoharibika, tulifika mahali tukakwama. Kijijini kuna injini za aina 7 tulizozihesabu kwa macho, na kila moja ina impela yake (kile kigurudumu chenye mabawa ndani ya pampu ya maji ya kupozea), gasketi zake, kabureta yake. Kuviweka vyote kwa mama ni kufunga mamilioni kwenye rafu ili kimoja kiuzwe kwa mwaka. Vikae Mwanga, mahali pamoja, kwa ajili ya vijiji vyote, na kinachohitajika kipae siku kinapohitajika. Hiyo ndiyo kazi ya droni kwetu: kitu ambacho hujui lini kitahitajika na kikihitajika hakiwezi kungoja.

Nadhani ndiyo maana kule Rwanda droni zilianza na damu. Chembe sahani za damu hukaa kama siku 5 tu, na hospitali ya wilaya haiwezi kujua mgonjwa wa wiki hii atakuwa wa kundi gani. Ukizigawa kila hospitali zitaharibika, ukiziweka pamoja zinakuwa mbali. Impela haiozi, lakini fedha iliyofungwa ndani yake kwangu mimi inaoza.

Jumanne, 22 Oktoba

Droni imeanguka kilimani mara 3 leo. Kwenye kompyuta, nashukuru.

Kati ya Kibirizi na Kijiji kuna rasi inayoingia ziwani, mlima unaoshuka mpaka kwenye maji. Ikipita nyuma yake mawimbi ya redio yanakatika, kwa sababu hayapindi kona. Tulikuwa tumeiagiza droni kwamba mawasiliano yakikatika irudi nyumbani. Irudi vipi? Kwa mstari ulionyooka, kwa kimo cha mita 60. Mstari huo unapita juu ya rasi, na kimo cha rasi kinazidi mita 60. Kwa hiyo agizo tuliloliweka liiokoe ndilo lingeipigiza mlimani.

Fundi ameweka vituo 2 vya dharura juu ya maji, mbali na rasi, na agizo jipya: ikipotea, iende kwanza kituo cha karibu, ndipo irudi. Imeruka kwenye kompyuta mara 20 bila kugusa kitu. Mvua za kwanza zimeanza leo jioni, na radi upande wa Kongo.

Ijumaa, 8 Novemba

Maombi ya kuruka nje ya upeo wa macho yamepelekwa. Kurasa 41. Ndani yake kuna rekodi za mizunguko yote, ramani ya njia juu ya maji mbali na hifadhi, vituo vya dharura, muhtasari wa mkutano wa Kijiji wenye saini, na karatasi moja inayoeleza tukio la dagaa. Rubani aliuliza kama ni lazima karatasi hiyo iwemo. Nikamwambia iwe ya mbele.

Hesabu ya fedha kwa ufupi: betri moja imetugharimu kama 900,000, na tukiitunza tunategemea safari 300, yaani 3,000 kwa safari kabla ya umeme, mshahara wa rubani na pangaboi za akiba. Tukitoza 10,000 tunapumua. Hakuna atakayelipa 10,000 kwa kitenge. Kwa injini iliyosimama, wameshaniambia watalipa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mwezi unakaribia kuandama. Giza tupu, na wiki nzima dagaa wanashuka Kibirizi kwa makasha.

Saa 9 alasiri mama mwenye duka amepiga. Injini ya farasi 15 ya vijana wawili ndugu inachemka, maji hayatoki kwenye tundu la kupozea. Fundi wa pale ameifungua pampu ya maji, impela imenyofoka mabawa. Kwenye rafu haipo, tulikubaliana isiwepo. Nimeingia stoo, ninayo, ya mpira, mpya kwenye nailoni yake. Gramu 38.

Upepo juu ya paa ulikuwa mita 4. Hakuna wingu. Droni ilikuwa mezani, betri namba 2 imejaa tangu asubuhi kwa ajili ya mizunguko ya mazoezi. Rubani alinitazama, nikamtazama. Majibu ya maombi bado. Hatukuigusa.

Nimempigia kijana mkubwa mwenyewe. Amesema, "Sawa dada, nimeelewa," na akanyamaza kidogo kabla ya kukata.

Impela nimeiweka kwenye bahasha ya kaki, nimeandika jina na namba ya nyumba, nimeibandika kwenye mlango wa stoo. Boti ya Jumatatu, saa 6 mchana. Fundi anaishusha betri namba 2 hadi volti 3.8.